Negativu ya 1950, chapa ya 1995: usiniambie ni orijino

Nimetumiwa tena picha ya simu. Mtu kasimama kwenye maonyesho ya Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, ukutani nyuma yake yuko mwanamke wa Bamako aliyekuzwa mpaka kumzidi kimo, na chini kaandika kwa furaha kwamba yuko mbele ya orijino ya miaka ya 1950. Hapana. Haiwezekani. Kazi yangu ni kusafisha picha za nyeusi na nyeupe, yaani kuzitoa kwenye negativu (filamu iliyopigwa, ambayo mwanga na giza vimegeuzwa) na kuzitia kwenye karatasi, ambayo ndiyo chapa, na jambo hili nimelieleza kwa mdomo mpaka nimechoka.

Keïta alifungua studio Bamako, mji mkuu wa Mali, mwaka 1948, mtaa wa Bamako-Coura, karibu na gereza. Kamera yake kubwa ilitumia negativu za sentimita 13 kwa 18. Negativu ya ukubwa huo haihitaji mashine ya kukuzia: unailaza juu ya karatasi, unaimulika, unatia karatasi kwenye dawa, picha inatoka na ukubwa uleule. Hicho ndicho alichouza. Mteja aliondoka na kitu cha kushikwa kwa mkono mmoja, chenye muhuri wa studio nyuma, pengine midomo na vidani vimetiwa rangi kwa brashi. Negativu zilibaki kwa Keïta.

Zile kubwa ni za miaka ya 1990. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York zikiwa zimeandikwa kwamba mpigaji hajulikani. André Magnin, mwandaaji wa maonyesho kutoka Ufaransa, akaenda Bamako kumtafuta mwenyewe, na mwaka 1994 Fondation Cartier, taasisi ya sanaa ya Paris, ikamfanyia maonyesho. Negativu zikasafishwa upya Ufaransa, kwenye karatasi nyingine na kwa mikono mingine.

Hapo ndipo watu huniambia: lakini negativu si ni ileile? Ni ileile, sawa. Ila negativu hubeba mengi kuliko karatasi inavyoweza kuonyesha, kwa hiyo kila anayeisafisha analazimika kuchagua. Ukichukua karatasi kali, weusi unazama, weupe unang'aa, nakshi za kitenge zinaruka machoni, na ngozi ya uso inapoteza vivuli vyake vya katikati. Ukichukua laini, uso unarudi na nguo inatulia. Fikiria mwanamke aliyevaa gauni la maua mbele ya pazia la maua: je, ajitenge na pazia au amezwe nalo? Negativu inaruhusu yote mawili. Anayeamua ni aliyesimama kando ya trei za dawa. Unapomsifu Keïta kwa ule weusi mzito, huenda unamsifu fundi wa Paris.

Na ule mwaka kwenye kibandiko kando ya picha? Keïta aliutambua kwa mapazia. Shuka la kitanda lenye matamvua, ambalo ndilo lilikuwa pazia lake la mwanzo, ni la 1949 hadi 1952. Baadaye akawa anabadilisha kila baada ya miaka miwili mitatu. Kwa hiyo huo ni umri wa negativu, tena kwa makadirio. Makumbusho makini huandika pia mwaka wa chapa. Ukikuta mmoja tu, muulize mhudumu.

Kuna linaloninyima raha. Keïta mwenyewe alizipenda zile kubwa. Alisimulia kwamba alipoona kwa mara ya kwanza negativu zake zimekuzwa, safi bila doa, ndipo alipojua kazi yake ni nzuri kweli. Aliishi hadi 2001 na nyingi alizitia saini. Mimi ni nani nimwambie kwamba si zake? Ni zake. Ila kama ni zake sawasawa na zile alizozisafisha mwenyewe ujanani, sijui, na nimelifikiria miaka mingi. Zilizosafishwa baada ya kifo chake ni jambo jingine kabisa: hizo ni tafsiri, ziitwe tafsiri.

Maonyesho ya Grand Palais, Paris, mwaka 2016 yaliweka chapa kubwa pamoja na zile ndogo za zama zake, na nashukuru sana. Ukibahatika kukuta mpango kama huo, anza na ndogo, usiziache ziwe za mwisho. Jicho likishazoea weusi wa zile kubwa, litakudanganya kwamba ndogo zimepauka, na utazipita bila kuona jinsi nyuso zilivyo na vivuli vingi ndani yake.