Acha hiyo skrubu: dhana potofu kuhusu sailensi baada ya kufunga throto bodi kubwa

Huyu ni mteja wa tatu mwezi huu. Gari liko sailensi, yaani injini inawaka bila kukanyaga mafuta, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda hadi 1,500, unaporomoka hadi 700, unapanda tena. Katoa throto bodi (mlango wa hewa inayoingia kwenye injini) ya milimita 60, kafunga ya 70. Nafungua boneti, na kabla sijauliza chochote naona alama mbichi za bisibisi kwenye skrubu ambayo kipepeo, kile kisahani kinachofungua na kufunga hewa, hukiegemea kikifungwa. "Fundi, nimeikaza kidogo tu ili isizime." Kidogo tu. Wote husema hivyo.

Dhana: Sailensi ikisumbua, kaza skrubu mpaka itulie

Skrubu hiyo haikuwekwa pale kwa ajili ya sailensi. Kazi yake ni kuzuia kipepeo kisijibane ukutani kinapojifunga. Kwenye gari la throto ya waya, ambapo pedali huvuta kipepeo kwa waya, hewa ya sailensi ina njia yake ya pembeni, na mlango wa njia hiyo ni valvu ya sailensi inayoendeshwa na kontrolo boksi, kompyuta ya injini. Ukikaza skrubu unapitisha hewa ambayo kontrolo boksi haiwezi kuizuia. Valvu itajifunga hadi mwisho na RPM bado ziko juu.

Kinachofuata kinategemea sensa ya throto, inayoiambia kontrolo boksi kipepeo kimefunguka kiasi gani. Kwenye magari mengi, kipepeo kikiwa kimefungwa sensa hutoa karibu volti 0.5. Volti zikipanda vya kutosha, kontrolo boksi inaamini umekanyaga mafuta, basi inaacha kusimamia sailensi. Sensa ikiendelea kusema kipepeo kimefungwa huku RPM ziko juu, inadhani unateremka mlima umeachia pedali, hivyo inakata mafuta. RPM zinaanguka, inarudisha mafuta, zinapanda, inakata tena. Ndio huo mchezo wa mshale.

Nikairudisha skrubu nyuma mpaka kipepeo kikafunga kabisa, nikaileta hadi ikagusa, nikaongeza robo mzunguko. Injini ikazima. Mteja akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Nikatoa throto bodi. Alikuwa amerudishia gasketi ya zamani, ile ya milimita 60. Ukingo wake ulikuwa umechungulia ndani ya tundu pande zote, na ulimi mmoja umeziba nusu ya kijia cha valvu ya sailensi. Kwa hiyo injini ilikosa hewa mahali inapostahili kuipata, yeye akaiibia mahali pengine kwa bisibisi. Gasketi mpya ya 70, sensa ikalegezwa na kuzungushwa mpaka ikasoma 0.5, RPM zikakaa 750. Skrubu ilikuwa inaficha ugonjwa tu.

Kabla ya kufunga, inua throto bodi uitazame kwenye mwanga. Mwanga uwe uzi mwembamba, sawa pande zote. Ukiona mwezi mchanga upande mmoja, kipepeo hakijakaa katikati: legeza skrubu zake mbili, kiachie kijifunge kwa nguvu mara kadhaa, kisha kaza kwa gundi ya kushikilia nyuzi za skrubu. Skrubu hizo zikichomoka zinaingia kwenye injini, kwa hiyo usibahili gundi.

Dhana: Tundu kubwa linaleta hewa nyingi, lazima sailensi iharibike

Eneo la tundu la 70 linazidi la 60 kwa asilimia 36, lakini hilo ni kipepeo kikiwa wazi kabisa. Kikifungwa kinabaki mwanya wa ukingoni, na valvu ya sailensi isiyo na ubovu huumudu. Utakachohisi ni gari kuruka ukigusa pedali kidogo. Wengi huita hiyo nguvu mpya. Siyo.

Dhana: Toa terminali ya betri, litajifunza lenyewe

Litajifunza, ndiyo, hata huo ubovu litaujifunza. Rekebisha kwanza, ndipo ufute kumbukumbu. Throto ya umeme, ambayo kipepeo chake huzungushwa na mota badala ya waya, ina utaratibu wake wa kufundishwa, fuata kitabu cha gari. Na usisukume kipepeo chake kwa kidole swichi ikiwa imewashwa. Gia zake ndogo huvunjika.

Dhana: Hakuna panapovuja, nimesikiliza

Sikio halitoshi. Chomeka mashine ya kusoma kontrolo boksi, soma marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ya mafuta inayoongeza au kupunguza. Yakiwa kama +20 kwenye sailensi, halafu yakakaribia sifuri ukishikilia RPM 2,500, kuna hewa ya wizi, inayoingia bila kupimwa. Hiyo ni kwa gari lenye sensa inayopima hewa inayoingia. Lile linalotumia sensa ya presha ya manifoldi litaiona hewa hiyo, litaongeza mafuta na RPM zitapanda tu, kwa hiyo usitegemee namba hizo. Kagua gasketi, mpira wa hewa wa buta ya breki (kifaa kinachopunguza uzito wa pedali ya breki), na vichuchu vya kuchomekea mipira ya hewa ambavyo throto mpya inavyo na ya zamani haikuwa navyo, visivyotumika vizibwe. Mimi natumia mashine ya moshi. Kupulizia dawa ya kabureta juu ya manifoldi ya moto sifanyi, na kwenye gereji yangu hafanyi mtu.