Temineta haifuati namba

Juzi kijana wa Chikongola, hapa Mtwara, aliniletea Macintosh SE, kompyuta ya zamani ya Apple, ya babu yake, pamoja na diski ya nje na skana. Ukiiwasha, mara diski inaonekana, mara haipo. "Fundi, mbona temineta nimeiweka kwenye namba 6, ndiyo ya mwisho?" Temineta ni kizibo cha kufungia ncha ya mnyororo wa vifaa, na kosa hilo la kuifuatisha namba nimelikuta kwa wengi.

Namba, 0 hadi 7, ni jina tu la kifaa kwenye mnyororo wa SCSI (tunatamka "skazi"), yaani njia ya kuunganisha vifaa kimoja baada ya kingine kwa kebo, na huamua nani apite kwanza wawili wakigombea njia. Haisemi kifaa kimekaa wapi. Zisifanane tu, na 7 iachiwe kompyuta yenyewe.

Temineta inafuata kebo. Nenda ufukweni Shangani utazame: wimbi likipanda mchanga linakufa taratibu, likigonga ukuta linarudi na kuvuruga linalokuja. Ishara kwenye kebo iliyoachwa wazi nayo hurudi vivyo hivyo. Temineta, ambayo zile za zamani ndani ni rezista tu, yaani vipinga umeme (ohmu 220 na 330), huimeza. Zinakaa mbili, moja kila ncha. Ya tatu katikati, "kwa usalama", inadhoofisha ishara.

Skana yake, namba 6, ilikuwa katikati. Mwishoni kulikuwa na diski ya nje, namba 3, wazi kabisa. Diski ya ndani ilikuwa na temineta yake tayari. Tukazima umeme kwanza, maana kuchomeka na kuchomoa kebo mashine ikiwaka kunaweza kuunguza fyuzi, tukaihamisha temineta ya skana hadi kwenye diski ya nje. Namba hatukuzigusa. Diski zote mbili zikatokea.