Kwa nini Wazungu walilipa zaidi kwa vazi kuukuu la biva?

Mtumba huuzwa rahisi kuliko nguo mpya, hilo kila mtu analijua. Lakini katika karne ya 17, kando ya mto St. Lawrence huko Kanada, wanunuzi wa Kifaransa walilipigania zaidi vazi la ngozi lililovaliwa mwaka mzima, lenye jasho na mafuta ya mwili wa mwenyewe, kuliko ngozi iliyotoka kwa mnyama juzi. Kwa nini?

Mnyama mwenyewe ni biva: jamii ya panya, mkubwa, mkia bapa, hukata miti kwa meno na kuziba mito. Ana manyoya ya tabaka mbili. Juu kuna singa ndefu na ngumu. Chini yake kuna malaika, yaani vinyweleo laini mno. Watengeneza kofia wa Ulaya walitaka malaika tu. Kila unywele una vijimiba visivyoonekana kwa macho, hivyo ukilowesha kwa maji moto na kukandamiza, nywele hunasana zikawa kitambaa kizito kisichofumwa, kinachostahimili mvua. Hapo ndipo kofia za pama za mabwana wa London na Paris zilipotoka. Biva wa Ulaya Magharibi walikuwa wamewindwa karibu waishe.

Kazi ngumu ilikuwa kuondoa zile singa. Warusi walikuwa na ufundi wa kuchana malaika kutoka kwenye ngozi, na wafanyabiashara wengine walisafirisha ngozi za Amerika hadi Urusi zikachanwe huko. Gharama iliyoje!

Wenyeji wa Kanada, kina Innu na Cree, walikuwa wakiifanya kazi hiyo bila kukusudia. Walisugua upande wa ndani wa ngozi kwa uboho wa wanyama, wakashona ngozi tano hadi nane pamoja kwa kano za wanyama, kisha wakavaa vazi hilo manyoya yakielekea mwilini. Baada ya mwaka au zaidi, msuguano na jasho vilikuwa vimezing'oa singa, zikabaki malaika zenye mafuta, tayari kwa kiwanda. Wafaransa waliiita ngozi hiyo "biva wa mafuta". Ile mbichi iliyokaushwa tu ilikuwa "biva mkavu", na bei yake ilikuwa chini.

Sasa jiweke mahali pa mwenye vazi. Limechakaa, ulikuwa karibu kulitupa, na mgeni anakupa sufuria ya shaba! Padri Paul Le Jeune, aliyekaa na Wainnu majira ya baridi ya 1633 hadi 1634, aliandika kwamba mwenyeji wake alimtania kuwa biva anajua kufanya kila kitu: anatengeneza sufuria, shoka, visu, hata mkate. Kisha akawacheka Waingereza kwamba hawana akili, maana wanatoa visu 20 kwa ngozi moja. Kila upande uliona mwenzake ndiye aliyepunjwa.

Thamani ya vazi kuukuu ilipungua mafundi wa Ulaya Magharibi walipojifunza kuchana wenyewe. Katika karne ya 18 wakaanza pia kupaka ngozi dawa ya zebaki ili malaika zishikane vizuri. Ngozi mpya sasa zilifaa moja kwa moja. Mafundi waliovuta mvuke wa zebaki siku nzima karakanani ndio walioanza kutetemeka mikono.