Hiyo 50 kaiweka nani?

Mzee mmoja, mvuvi wa Kojani, Pemba, alivua shati, akabandika kifua kwenye mashine ya eksirei, akavuta pumzi akaizuia. Hajamaliza hata kufunga vifungo, skrini ikatoa alama: 47. Kijana wa mashine akamwambia, "Salama, babu, unaweza kwenda." Mzee akanigeukia. "Mwanangu, imeniona vyema?"

Programu hizi za akili mnemba, zinazosoma picha za kifua, hazisemi una kifua kikuu au huna. Zinatoa alama, aghalabu 0 mpaka 100, na kuna mtu aliyekwishaamua kuwa ukifika alama fulani, yaani mpaka, utoe makohozi yapimwe, chini ya hapo nenda zako. Siku ile mpaka huo ulikuwa 50, kama mashine ilivyoletwa. Hakuna aliyeugusa.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliridhia programu hizi zisome picha badala ya binadamu, kwa wenye miaka 15 na zaidi tu, na likahimiza kila mahali papimiwe mpaka wake. Piga hesabu. Watu 1,000, wagonjwa 10. Weka mpaka utakaonasa wagonjwa 9, na kuwaacha wazima 7 katika kila 10. Utaita watu 306, na 297 kati yao hawana kitu: nauli za mashua, siku za dago (kambi ya uvuvi) zilizopotea, majirani wameshaanza kunong'ona. Pandisha mpaka, foleni itapungua, ila kuna atakayerudi kukohoa chumba kimoja na wajukuu.

Kuchagua nani aumie si kazi ya fundi. Ni ya kamati ya maadili, na sisi wa kamati tumezoea kuuliza fomu za ridhaa na taarifa zitawekwa wapi. (Fomu tunazisoma mpaka nukta.) Siku hizi naanza na jengine: walioambiwa salama, nani anawafuatilia? Mashine ikimshuku mzima, makohozi yatamsafisha. Ikimwacha mgonjwa, hapimwi, na kosa haliingii daftari lolote. Ndiyo maana ripoti za miradi huwa nzuri mno. Nataka katika kila 20 walioachwa, mmoja apimwe makohozi kwa kura, na majibu yaje kwetu, si kwa muuzaji peke yake.

Yule babu nilimpa kikopo cha makohozi. Kikohozi chake nilikisikia tangu mlangoni. Akauliza alete kesho kabla ya maji kujaa au baada.