Ratsiraka hakuipindua serikali ya Madagaska

Wengi hudhani Didier Ratsiraka, aliyekuwa rais wa Madagaska, kwa kuwa alikuwa ofisa wa jeshi la wanamaji, aliingia Ikulu kwa mapinduzi. Sivyo.

Alitokea kwenye diplomasia. Alikuwa mwambata wa kijeshi Paris, kisha mwaka 1972 Jenerali Ramanantsoa, mkuu wa serikali wakati huo, akamteua waziri wa mambo ya nje. Mwaka 1973 aliongoza mazungumzo na Ufaransa: Madagaska ikajitoa katika ukanda wa faranga (nchi ambazo sarafu zao zilifungamana na faranga ya Ufaransa), na Wafaransa wakakubali kuondoa majeshi yao. Hapo ndipo jina lake lilipokua, na kwa haki kabisa.

Februari 5, 1975 Ramanantsoa alimkabidhi madaraka Kanali Ratsimandrava, aliyeuawa siku sita baadaye. Kamati ya kijeshi ikashika nchi, na Juni 15 ikamchagua Ratsiraka.

Kinachostahili kukosolewa ni kura ya maoni ya Desemba 21, 1975. Karatasi moja ilibeba mambo matatu: katiba mpya, mkataba wa mapinduzi ya kijamaa, na Ratsiraka kuwa rais kwa miaka saba. Aliyetaka katiba bila Ratsiraka hakuwa na pa kuweka alama.