Je, wajua? Jina "Wahehe" lilianza kama ukelele wa vita

Wataje Wahehe mbele ya watu wasiotoka Iringa, na hukosi atakayesema kwamba hao ni watu wa vita, hasira wamezaliwa nazo. Akiulizwa ushahidi atajibu kuwa hata jina lao ni la vita. Kuhusu jina, hakosei. Kwa simulizi iliyoenea zaidi, lilitokana na ukelele wa wapiganaji wakati wa kushambulia: "Hee! Hee!" Kosa linaanzia pale ukelele unapogeuzwa kuwa tabia ya kabila zima.

Ukelele wa vita hupigwa kumwelekea adui. Yule ambaye ukelele ulikuwa unamjia ndiye aliyehitaji neno la kuwasimulia wenzake ni nani waliomvamia. Fikiria pikipiki. Haikujiita hivyo, ilipewa jina na watu waliosikia mlio wake ukipita. Jina linakupa sauti iliyofika masikioni mwao, basi. Halikwambii imebeba nini, inakwenda kwa nani, wala kwamba sehemu kubwa ya siku imeegeshwa uani, imezimwa. Anayedai jina la Wahehe linafichua nafsi zao anausikiliza mlio na kudhani ameshamjua dereva.

Tena waliopiga ukelele huo hawakuwa kabila moja tangu awali. Kabla ya katikati ya karne ya 19, nyanda za Iringa zilikuwa na tawala ndogo ndogo, kila moja na mtwa (mtawala) wake, watu wakilima na kufuga. Munyigumba, wa ukoo wa Muyinga, ndiye aliyeziunganisha, kwa ndoa na kwa mkuki. Walioshindwa waliingizwa ndani ya dola, vijana wao wakaenda vitani pamoja na walewale waliowashinda. Kwa hiyo aliyeukimbia ukelele mwaka huu aliweza kuupiga mwaka uliofuata. Hapo sioni damu ya ukali inayorithiwa. Naona utawala uliojua kukusanya watu.

Hata mbinu zilitoka kwa majirani. Wangoni, waliovuka mto Zambezi mwaka 1835, walileta mtindo wa vikosi vilivyopangwa. Wasangu wakauiga, na Wahehe wakajifunza kwa Wasangu, kisha wakawasukuma hadi Merere, mtawala wao, akajenga ngome Utengule, karibu na Mbeya ya leo. Dhidi ya Wangoni wenyewe Wahehe walipigana kuanzia 1878, pasipo upande wowote kuumeza mwingine, na mwishowe wakapatana.

Sifa ya vita ilitua rasmi Lugalo, mashariki mwa mji wa Iringa, tarehe 17 Agosti 1891. Kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski kilikuwa kimechoma makazi ya watu njiani. Asubuhi hiyo kilikuwa kinatembea kwa mstari mrefu, vichaka na mawe pembeni. Mlio mmoja wa bunduki ukatoa ishara, na watu wa Mkwawa, mwana wa Munyigumba, wakachomoka kutoka karibu sana, wengi wao wakiwa na mikuki tu. Askari wengi hawakupata nafasi ya kufyatua risasi zaidi ya moja au mbili. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Hao walikuwa watu waliofuatwa kwao, wakaichagua vizuri sehemu ya kupigania.

Ngome ya Kalenga, makao makuu ya Mkwawa, ilianguka mikononi mwa Wajerumani Oktoba 1894. Mkwawa akaendelea kuwasumbua Wajerumani porini mpaka alipojipiga risasi Mlambalasi, Julai 1898.

Halafu kuna jambo ambalo wenye nadharia ya damu hawaligusi kabisa. Vita vya Maji Maji vilipowaka mwaka 1905, kusini kukashika moto, hata baadhi ya majirani zao Wabena wakaingia. Wahehe kwa jumla hawakuingia, na baadhi yao walipigana upande wa Wajerumani. Walikuwa na kumbukumbu ya miaka saba ya mapambano, mashamba na ng'ombe waliopotea, na watawala wapya waliokwisha kuelewana na Wajerumani. Walipima hali, kama mtu yeyote anavyopima kabla ya kushika mkuki, na wengi wakabaki nyumbani.