"Ngoja mshahara upande kwanza"

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mwalimu kijana wa skuli moja hapa Chake Chake: "Niweke akiba kwa mshahara huu? Ngoja upande kwanza. Na kiinua mgongo si kipo?" Nimechoka kulijibu hili kwa mtu mmoja mmoja.

Ana miaka 25. Tulipiga hesabu kwenye simu yake. Shilingi 50,000 kila mwezi, ongezeko la asilimia 8 kwa mwaka, mpaka afike 60: karibu milioni 115. Za mfukoni mwake ni milioni 21 tu, nyingine zote ni faida iliyozaa faida. Akianza na miaka 45, kuzipata hizo hizo itambidi atoe kama 331,000 kila mwezi. Laki tatu na ushei, na ada za watoto, na bati la nyumba, na wazee wanaougua! Mshahara ukipanda, matumizi huwa yameshatangulia.

Kiinua mgongo hakina mjadala mrefu. ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, ulianzishwa kwa sheria ya 1998, na mchango wako ni haki yako. Lakini fedha ya mkupuo ikishaingia, kila mwenye haja nyumbani ameshasikia. Pensheni ya kila mwezi ndiyo itakayokulisha, nayo hakuna anayekuja kukuulizia. Pencheni Jamii, ile ya Serikali ya Zanzibar kwa wazee, iliyoanza 2016, inamsubiri mtu afike miaka 70, na ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi.

Linaloniudhi zaidi ni vijana kuniletea kanuni ya Kimarekani kama ilivyo: kusanya mara 25 ya matumizi yako ya mwaka, kisha utoe asilimia 4 kila mwaka. Anayetumia 500,000 kwa mwezi basi atafute milioni 150. William Bengen, mshauri wa fedha wa huko, aliifikia hiyo asilimia 4 mwaka 1994 kwa takwimu za hisa na hati fungani za Marekani, kwa ustaafu wa miaka 30. Zaka hakuihesabu, wala hakuwa na sababu ya kuihesabu. Sisi tunayo. Salio likishafika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, na mwaka ukatimia, asilimia 2.5 inatoka, na inatoka kwenye mtaji na faida pamoja. Kwa hivyo asilimia 8 yako inabaki kama 5.3. Toa na mfumuko wa bei, uone kilichobaki. Mchango ulio kwenye mfuko usioweza kuugusa, masheikh wametofautiana kama una zaka kabla hujaupokea. Muulize unayemwamini, mapema. Na anayekimbia riba atafute akaunti ya mudharaba (mnagawana faida na benki) au sukuk (hati za uwekezaji za Kiislamu), ambako faida haiahidiwi kama kwenye amana ya kawaida.

Mimi mwenyewe hiyo asilimia 8 ya kila mwaka kwa miaka 35 siiamini sana. Na hata ikipatikana, bei zikipanda kwa asilimia 4 kwa mwaka, zile milioni 115 zitanunua kinachonunuliwa leo kwa milioni 29. Ndiyo maana 50,000 haitakiwi kubaki 50,000: kila nyongeza ya mshahara, mchango nao upande, mwezi ule ule.

Wenye mikarafuu msinambie hamna mshahara. Msimu ukiwa mzuri, fungu la uzee litoke siku mliyolipwa, pale pale kwenye kituo cha kuuzia karafuu, kabla fedha haijafika nyumbani. Msimu ukiwa mbaya, acheni kuweka, lakini msilitoe lililokwisha wekwa.